Brasillach: je, mwandishi auawe kwa maneno yake?

Robert Brasillach alipigwa risasi katika ngome ya Montrouge, karibu na Paris, Februari 6, 1945, akiwa na miaka 35. Mkono wake haukuua mtu. Alikuwa Mfaransa, mwandishi wa riwaya na mhakiki wa fasihi ambaye safu yake gazetini ilisomwa hata na waliochukia siasa zake.

Wanaomtetea huanza na kesi yenyewe. Ilisikilizwa siku moja tu, Januari 19, kwa takriban saa sita, tena vita vikiwa havijaisha, na baraza la mahakama lilichukua kama dakika 20 kumtia hatiani kwa kushirikiana na adui, yaani Wajerumani wa Kinazi waliokuwa wameikalia Ufaransa. Wakandarasi wengi waliotajirika kwa kuwajengea Wajerumani ngome za pwani waliachwa waendelee na maisha yao. Hoja hiyo ni nzito, na sijaona aliyeijibu vizuri.

Lakini tusome alichoandika. Tangu 1937 hadi 1943 alikuwa mhariri mkuu wa gazeti la Je suis partout, lililokuwa likitaja Wayahudi na wapinzani wa Wajerumani kwa majina huku polisi wakisoma. Julai 1942 polisi wa Paris walikamata Wayahudi wapatao 13,000, watoto kati yao wakiwa zaidi ya 4,000. Septemba hiyohiyo Brasillach akaandika kwamba Wayahudi waondolewe wote kwa pamoja, wala wadogo wasibakizwe. Mtu aliyezoea kupima kila neno la wenzake hawezi kusema kalamu iliteleza.

Baada ya hukumu ya kifo, mwandishi François Mauriac alihangaika kukusanya saini za kumwombea msamaha. Mwandishi Albert Camus alimdharau Brasillach, ila alitia saini kwa sababu alipinga hukumu ya kifo. Mwandishi Simone de Beauvoir alikataa, akiwakumbuka marafiki waliouawa na Wanazi. Jenerali de Gaulle, aliyeongoza serikali ya Ufaransa wakati huo, naye alikataa ombi hilo, na baadaye akaandika kuwa kipaji huongeza wajibu. Hapo namuunga mkono kikamilifu: kuandika vizuri hakumpunguzii mtu kosa. Kwenye risasi, nasimama na Camus.

Kuadhibu maneno bila kuua kunawezekana. Mwaka 2003, mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani wakuu wa redio na gazeti waliochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda. Adhabu ya juu kabisa pale ilikuwa kifungo cha maisha.

Tena kifo kilimfaa Brasillach kuliko alivyostahili. Lucien Rebatet, mwenzake wa gazeti lilelile, alihukumiwa kifo 1946, akapunguziwa adhabu, akatoka gerezani 1952 na kuishi miaka 20 zaidi. Hakuna anayemwita shahidi aliyefia msimamo wake. Brasillach ndiye aliyepewa jina hilo: shemeji yake, Maurice Bardèche, alimtukuza kwa miongo kadhaa, na wafuasi wa siasa kali za kulia bado hunukuu mashairi aliyoandika gerezani Fresnes. Ile sentensi kuhusu watoto hawainukuu.