Picha ya Ua Lako, Si la Uholanzi

Kila kukicha makundi ya WhatsApp ya mitaa yetu yanajaa kadi za "Asubuhi njema", na karibu kila kadi ina ua lisiloota Kigoma. Tulipu za Uholanzi, au waridi lenye umande uliochorwa kwa kompyuta. Anayetuma anaishi Mwanga au Gungu, uzio wake umefunikwa na bogenvilia, kando ya mlango kuna hibiskasi iliyochanua asubuhi hiyohiyo, na simu aliyoishika mkononi ina kamera. Jambo hili linaniudhi kweli. Mji mzima tunajitambulisha kwa picha za aina mbili, machweo ya Ziwa Tanganyika na sokwe wa Gombe. Nyumba tunazoishi, pamoja na vinavyochanua na kuimba kuzizunguka, hazipigwi picha.

Sababu inayotolewa haibadiliki: simu yangu ni ya kawaida, ua halitoki vizuri. Mara nyingi simu haina kosa, saa ndiyo mbaya. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo jua hufika utosini karibu saa saba mchana, zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam. Linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Ushauri wa saa za kupiga picha ulioandikwa na mtu wa Pwani usiufuate ulivyo, usogeze mbele. Mwanga mzuri kwetu ni ule wa kuanzia jua linapotoka mpaka kama saa mbili na nusu, kisha kuanzia saa kumi na moja jioni. Asubuhi ina faida ya ziada, kwamba upepo wa ziwani haujaanza kutikisa matawi. Tena hibiskasi moja kwa kawaida inaishi siku moja tu, inafunguka asubuhi na jioni imeshajikunja. Ukisema utaipiga kesho, kesho utapiga nyingine.

Kuna kosa moja linaloharibu picha nyingi za maua yetu kuliko mengine yote, nalo ni nyekundu kufurika. Tazama picha ya hibiskasi nyekundu, au ya mkrismasi ulipochanua Novemba na Desemba: mara nyingi unaona doa jekundu lisilo na mshipa wala mkunjo, limebandikwa juu ya majani yaliyotoka vizuri. Watu wanadhani kamera ni mbovu. Kamera inapima mwanga wa rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu. Ua jekundu linajaza upande wa nyekundu mpaka pomoni wakati zile mbili nyingine hazijafika popote. Simu inaangalia wastani wa picha nzima, inaona pana giza, inaongeza mwanga, na nyekundu inamwagika. Kilichomwagika namna hiyo hakirudi, hariri upendavyo.

Dawa yake ni rahisi na haigharimu senti. Gusa ua kwenye skrini, shikilia kidole mpaka fokasi ijifunge, kisha buruta ile alama ya jua kwenda chini polepole huku ukitazama petali. Simama pale mishipa inapoanza kuonekana. Majani ya nyuma yataingia giza kidogo, yaache, ua ndilo linalotakiwa kusomeka. Mwenye kamera yenye vitufe apunguze fidia ya mwanga (ile alama ya +/-) kwa 0.7 mpaka 1. Kama jua limeshakuwa kali, mtu asimame atie kivuli juu ya ua, au tandaza shuka jeupe kati ya ua na jua. Kanga ya rangi usitumie, itamwaga rangi yake kwenye petali. Upande wa chini ukiwa mweusi mno, shika kiroba cheupe cha unga karibu na shina kirudishe mwanga juu. Ukuta wa bluu na bati jipya navyo vinarudisha mwanga na kuchafua rangi, kwa hiyo tazama umesimama karibu na nini kabla hujailaumu simu.

Bogenvilia nayo inatuponyoka kwa sababu tunaipiga kichaka kizima. Sogea. Zile sehemu za rangi tunazoziita ua ni majani matatu yaliyobadilika rangi. Maua yenyewe ni vijimrija vyembamba vilivyosimama katikati, vyenye vinywa vidogo vyeupe au vya maziwa. Fokasi iwe kwenye kinywa kimoja cha hivyo, na picha inabadilika kabisa. Lakini usisogee mno: kamera kuu ya simu nyingi haishiki fokasi ukiwa chini ya sentimita 8 au 10. Rudi nyuma mpaka sentimita 15 au 20, vuta kwa zumu ya 2x, kisha kata kingo baadaye. Ile kamera ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya megapikseli 2 kwenye simu za bei ya chini achana nayo, kamera kuu ukiikata kingo bado inaishinda. Shina likiyumba, libane kwenye kijiti kwa kibanio cha nguo. Na kabla ya yote futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba. Kiangazi lipulize vumbi kwanza, maana chembe za mchanga zikisuguliwa zinachora kioo.

Vichujio vya kuzidisha rangi vizimwe. Ukishapata picha nzuri itume kama dokumenti, WhatsApp isiibane.

Kwa ndege nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba simu ina mwisho wake. Ukivuta kupita uwezo wa lenzi, simu inakuza pikseli tu, na shomoro aliye juu ya bati anatoka ukungu. Mwenye lenzi ndefu ya kuvuta vya mbali, ya milimita 300, hata ya mtumba, ana haki ya kujivuna. Asiye nayo amlete ndege karibu. Weka sinia la maji yenye kina cha sentimita 2 mpaka 4 mahali pa wazi ambapo paka hawezi kujificha, tia jiwe katikati, chomeka kijiti cha kutulia kando yake. Kiangazi cha Juni mpaka Septemba njiwa na shomoro watakuja wenyewe. Maji yabadilishwe kila siku, tusifuge mbu. Jifiche nyuma ya pazia la mlangoni, si dirishani, kwa sababu wavu wa mbu unaiba fokasi na kufifisha picha. Umbali wa mita 2 au 3 unatosha simu kupata manyoya. Flashi izimwe.

Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, anahitaji akili zaidi. Rangi ile ya kijani inayong'aa kwa dume haitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya, inatokana na jinsi unyoya ulivyoumbwa kuurudisha mwanga. Pembe ikikosewa, anatoka mweusi tii. Simama jua likiwa mgongoni kwako, chagua ua lililofunguka vizuri, weka fokasi hapo mapema na usubiri. Chozi kwa kawaida hutua kwenye kikonyo anapofyonza, kwa hiyo atakupa nafasi. Shikilia kitufe upige mfululizo, kwa kasi ya shata (kilango kinachopitisha mwanga) isiyopungua 1/1000 ya sekunde kama kamera yako inaruhusu kuchagua. Mnana, ndege msuka viota, kwenye michikichi ni rahisi zaidi: anarudi kiota kilekile mara kwa mara, na dume akimwita jike hujining'iniza chini ya kiota akipiga mbawa. Lenga mlango wa kiota, basi.

Ila kwenye viota sina cha kubembeleza. Zinasambazwa picha za makinda ya chozi yakiwa yameachama, majani ya pembeni yamekatwa ili yaonekane. Kiota cha chozi kinaning'inia kwenye kichaka karibu na nyumba, kimeunganishwa kwa utando wa buibui, mlango uko ubavuni. Majani yale ndiyo kivuli chake na maficho yake. Ukiyakata, jua la mchana linawapata makinda, na kunguru hahitaji kuonyeshwa mara ya pili. Makinda yaliyokaribia kuruka ukiyatisha yanajirusha kabla ya wakati na kuanguka chini. Hakuna picha yenye thamani hiyo, hata ingependwa na mkoa mzima. Kaa mita 5 au zaidi, usiguse tawi, usimalize dakika nyingi. Mzazi akitua tawi la jirani na mdudu mdomoni halafu haingii, wewe ndiye unayemzuia. Ondoka, makinda yapate kulishwa.