Waliorudi Salama Nao Wakumbukwe

Januari 7, 2025 msafara uliobeba mwili wa Jimmy Carter ulisimama mbele ya Mnara wa Kumbukumbu wa Jeshi la Majini, katikati ya jiji la Washington. Jeneza likateremshwa kutoka kwenye gari, likapandishwa juu ya mkokoteni wa kijeshi unaokokotwa na farasi, safari ikaendelea hadi bungeni. Asiyejua angedhani ni itifaki tu, Wamarekani na mambo yao. Kumbe pale walikuwa wanamuaga baharia. Kabla ya ugavana na kabla ya Ikulu, Carter alikuwa ofisa wa nyambizi.

Tunajua mengi kuhusu miaka yake ya majini kwa sababu moja: alikuja kuwa rais, kwa hiyo watu walimuuliza. Alimaliza chuo cha maofisa wa majini cha Annapolis mwaka 1946, akaingia kwenye nyambizi 1948. Usiku mmoja, akiwa zamu juu ya nyambizi USS Pomfret katika bahari ya Pasifiki, wimbi lilimbandua pale alipokuwa ameshikilia chuma, likamfunika, akajikuta anaogelea na hakuna chombo chini yake. Likamtua juu ya mzinga uliokuwa nyuma, akaukumbatia kwa nguvu zote. Wimbi lingekuja kimshazari kidogo tu, Marekani ingekuwa na orodha nyingine ya marais. Desemba 1952 kinu cha nyuklia cha Chalk River, Kanada, kilipoharibika, alikuwa miongoni mwa walioitwa kwenda kukifungua. Walitengeneza mfano wa kinu hicho kwenye uwanja wa tenisi, wakafanya mazoezi ya kufungua nati, kisha wakawa wanaingia kwa zamu kwenye mionzi, kila mtu kama dakika moja na nusu, anafungua alichoweza na kutoka mbio. Mwaka uliofuata baba yake alifariki, naye akaacha jeshi akarudi Georgia kushika shamba la karanga.

Sasa fikiria wale waliokuwa naye. Waliloa kwa mawimbi yaleyale, wakaingia kwenye mionzi ileile, wakazeeka, wakafa mmoja mmoja kitandani au hospitalini. Wa kwao waliandika nini kwenye tangazo la tanzia? Alitumikia Jeshi la Majini, kwenye nyambizi. Nukta. Halafu wajukuu wangapi, kanisa gani, mazishi saa ngapi.

Mimi nimezoea misiba ya kwetu, ambako historia ya marehemu husomwa hadharani: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliajiriwa na nani, aliugua nini. Mara nyingine ni ndefu mno na jua linawaka, lakini mtu anaondoka akiwa amesimuliwa. Baharia wa nyambizi historia yake ina shimo katikati, na mara nyingi ni shimo la miaka ambayo yeye mwenyewe angesema ndiyo alikuwa mtu hasa.

Kwa waliofia chomboni, Wamarekani wana utaratibu, na ninauheshimu. Nyambizi zao 52 zilipotea katika Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na watu zaidi ya 3,500. Mabaharia hao hawakufika hata asilimia 2 ya jeshi lao la majini, lakini ndio waliozamisha zaidi ya nusu ya meli za biashara za Japani, na kati ya waliokwenda doria zaidi ya mmoja katika kila watano hakurudi. Nyambizi ikichelewa kupita kiasi haikuwa na wa kusimulia ilikozama, basi wenzao wakawa wanasema bado ipo doria. Mpaka leo baharia wa nyambizi akifa, hata kama amekufa kwa uzee akiwa na miaka 90, wenzake husema amekwenda doria ya milele. Kwenye kumbukumbu wanasoma jina la kila nyambizi iliyopotea, kengele ya meli inagongwa mara moja, jina linalofuata, kengele tena.

Vivyo hivyo kwa USS Thresher, iliyozama Aprili 10, 1963 mashariki ya Boston na watu 129, kati yao raia 17, wengi wao mafundi na wahandisi waliokuwa kwenye safari ya majaribio. Pale Kittery, Maine, kuna mlingoti wa bendera wenye urefu wa futi 129, futi moja kwa kila mtu. Nimependa kwamba hawakuwabagua wale raia. Walikufa kwenye chuma kilekile.

Lakini kengele inahesabu vyombo, na mlingoti unahesabu vifo. Aliyerudi haingii kwenye hesabu yoyote kati ya hizo. Chama cha wakongwe wa nyambizi wa Vita vya Pili kilivunjwa mwaka 2012 kwa sababu wanachama walikuwa wameisha au wamezeeka hata kusafiri hawawezi. Waliobaki wanakumbukwa na chama kikubwa zaidi, United States Submarine Veterans, kilichoanzishwa 1964, nacho wanachama wake wengi ni watu wazima sana. Ninachodai ni kwamba kazi ya kumkumbuka aliyerudi haiwezi kuachiwa chama. Chama kinajua cheo chake na chombo chake. Hakijui alivyokuwa anaishi mle ndani na alivyotoka.

Na maisha ya mle ndani yana utajiri wake. Kwenye nyambizi za dizeli vitanda havikutosha, ukishuka zamu unalala kwenye kitanda ambacho mwenzako ametoka sasa hivi, bado kina joto lake. Wengine walilala kwenye chumba cha topido, yale mabomu yanayorushwa ndani ya maji kuzamisha meli, silaha iko chini ya mgongo. Safari ndefu ikianza, makopo ya chakula yalipangwa sakafuni kwenye ujia, watu wakawa wanatembea juu ya mboga zao, na kadiri walivyokula ndivyo dari lilivyozidi kuwa mbali na vichwa vyao. Maji ya kuoga yalikuwa ya kubana. Chakula ndicho kilisifiwa kuwa bora kuliko cha manowari nyingine yoyote. Na kila mtu, mpishi naye, alilazimika kujifunza chombo kizima: kila vali, kila bomba, kila swichi, ili hata gizani mkono wake uende pale panapotakiwa. Akifaulu ndipo anavishwa beji ya pomboo wawili. Hiyo beji utaikuta imewekwa kwenye makaburi mengi. Ukiiona, jua mwenye kaburi aliwahi kusimama mbele ya wakubwa wake akahojiwa mpaka jasho likamtoka.

Ugumu mkubwa ulikuja na nyambizi za nyuklia. Kuanzia 1960 zile zilizobeba makombora ya nyuklia yaitwayo Polaris zilikaa chini ya maji miezi miwili na zaidi, zikipokea ujumbe bila kujibu, maana anayejibu anajionyesha alipo. Familia iliruhusiwa kumtumia baharia salamu fupi zenye maneno ya kuhesabu, mwanzoni kama 15, baadaye yakafika 40 hivi, mara chache kwa safari nzima. Salamu hizo zilisomwa na wakubwa kwanza. Habari ya kifo haikupita. Baba akifa wiki ya kwanza, mtoto anaendelea kula, kupokea zamu na kucheza karata hadi nyambizi irudi bandarini, ndipo anaitwa pembeni. Matanga yameshaanuliwa, nyasi zimeota kaburini. Sababu zao nazielewa: utampa mtu msiba halafu umpeleke wapi, chini ya mita mia za maji? Lakini sisi tunaopanda basi usiku kucha tukawahi kutupia udongo tunajua walikatwa nini. Mtu wa namna hii aliyekosa kumzika mzazi wake, anapokufa yeye, mistari mitatu haimtoshi.

Halafu siri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyambizi USS Halibut iliingia bahari ya Okhotsk, wazamiaji wakatoka wakafunga kifaa cha kunasa sauti kwenye kebo ya simu ya Wasovieti iliyolala chini ya bahari. Waliokuwemo walirudi kwa wake zao wakafunga midomo. Mke alijua mume kaondoka lini na karudi lini, basi. Miaka ilipita, habari zikavuja na kuandikwa, lakini wako wazee waliofunga midomo hadi kaburini kwa sababu walikuwa wametia saini, na mtu wa namna ile akitia saini ametia saini. Kwa mtazamo wangu, serikali iliyodai ukimya huo inadaiwa. Miaka 50 inatosha. Mjane apewe angalau karatasi inayosema mumeo alikuwa mahali fulani, akafanya kazi fulani, na haikuwa anakukwepa.

Wapo pia waliosahauliwa bila siri yoyote. Kwa miaka mingi Mmarekani mweusi aliyeingia nyambizi aliingia kama mhudumu wa maofisa: kuandaa meza, kutandika vitanda, kufua. Vita ikianza alikuwa na kazi yake kama mwenzake yeyote, na nyambizi ikizama haikuchagua rangi. Kwenye simulizi za vita jina la kapteni linatajwa kila ukurasa, la mhudumu halitajwi. Carter mwenyewe alikuwa na kisa cha enzi za nyambizi K-1: walifika kisiwa kilichokuwa chini ya Waingereza, wakaalikwa kwenye sherehe, kwa sharti kwamba mabaharia weusi wasije. Mabaharia wote wakakataa kwenda. Kinanigusa kwa sababu kilitokea miaka ambayo kwao Georgia basi lilikuwa na viti vya weusi na viti vya weupe. Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa kapteni wa nyambizi, Pete Tzomes, alikabidhiwa USS Houston mwaka 1983. Alifariki 2019. Sikumbuki kuona jina lake likitajwa kwa Kiswahili mahali popote, basi limetajwa.

Najua msomaji wa Mombasa au Nairobi ana haki ya kuniuliza: hawa tunawalilia kwa lipi? Nyambizi sisi tuliijua kutoka upande wa pili. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kuelekea Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Februari 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga topido. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, wakiwemo wauguzi, na baadhi yao waliuawa wakiwa wanaogelea, manowari za Uingereza zilipodondosha mabomu ya majini kuisaka nyambizi iliyojificha chini yao. I-27 nayo ikazamishwa siku hiyohiyo. Majina ya askari wetu yapo kwenye kumbukumbu iliyo ndani ya makaburi ya vita Nairobi, na nathubutu kusema wengi mmepita pale kwa gari bila kujua.

Wamarekani nao wana la kubeba. Agosti 22, 1944 nyambizi USS Bowfin ilizamisha Tsushima Maru, meli iliyokuwa inawahamisha watu kutoka Okinawa. Wanafunzi zaidi ya 700 walikufa. Leo Bowfin ni makumbusho pale Pearl Harbor, na kando yake ndipo kuna kumbukumbu ya nyambizi zile 52. Mimi sioni kwamba hilo linawaondolea mabaharia haki ya kukumbukwa. Naona linakataza kukumbukwa nusu. Ukimtaja mtu, taja na kile chombo chake kilichofanya, kwa sababu yeye mwenyewe aliishi nacho. Kijana wa miaka 19 aliyekuwa chumba cha topido hakuona meli, hakuona mtoto. Alisikia mlipuko na kuanza kuhesabu mabomu ya kulipiziwa. Mengine aliyajua baadaye, au hakuyajua kabisa.

Sasa nije kwa wenzangu mlio Marekani. Wengi wenu mnafanya kazi kwenye nyumba za wazee, mnawaogesha na kuwalisha watu wa rika hili. Wazee wa nyambizi za Vita vya Pili karibu wameisha, lakini wa Polaris wapo, wana miaka 80 na ushee, na wapo miji yote. Kofia yenye pomboo wawili ikining'inia kwenye kitasa cha mlango ndiyo dalili. Muulize mzee kitanda chake kilikuwa kwenye chumba gani, nani alikuwa anapika, na salamu ya kutoka nyumbani ilisemaje. Usianze na vita wala siri, hatajibu na pengine atakukasirikia. Anza na chakula, yatakuja mengine. Lakini simulizi si yako, usiirekodi kwenye simu yako wala kuirusha popote, sheria za faragha za wagonjwa ni kali na kazi unaihitaji. Waambie watoto wake. Library of Congress, maktaba ya bunge lao, ina mradi wa kuhifadhi sauti za wastaafu wa jeshi, ulioanzishwa na bunge lao mwaka 2000, Veterans History Project. Wanapokea mahojiano ya kuanzia dakika 30, na kama mzee ameshafariki wanapokea barua na picha zake. Watoto wengi hawajui kama upo, na Jumapili wakija kumtembelea wanakaa pale wanatazama mpira.