Gunia 412 hazilingani na gunia 412

Msimu wa korosho Mtwara hapa kila mtu ana haraka, ndo mama mmoja mwenye ghala njia ya Mikindani akanipa kikazi, ana faili la gunia zilizoingia, mstari mmoja gunia moja, anataka skripti (programu fupi) ya kuhakiki kama zinalingana na daftari. Nikaiandika usiku kwenye laptopu yangu ya Ubuntu (aina ya Linux), nikatesti weee, iko safi.

Asubuhi nafika ghalani laptopu haina chaji na umeme hamna. Mpwa wake ana Mac. Nikasema lete, Linux na Mac zote mtindo wa Unix, na Unix ni Unix tu (hapo ndo nilijiroga). Narun, inajibu: HAZILINGANI.

Mama akanyamaza kidogo kisha akaita vibarua, "Hesabuni upya, kuna mtu kala gunia langu!" Jua la saa saba, watu wanapanga na kupangua, wakapata 411. Ee bwana, hapo watu wakaanza kutajana majina, mlinzi wa usiku anaapa kwa Mungu, kumbe gunia la 412 liko nje mlangoni babu mmoja kalikalia anajilia ming'oko yake, wala habari hana.

Sawa, 412. Daftari 412. Narun tena: HAZILINGANI.

Nikaiambia iprinti namba zote mbili, ikaandika 412 na 412 hazilingani. Mama akaniangalia hivi, "Mwanangu, hesabu ulisomea wapi?"

Nikahamia chini ya mwembe na jasho langu. Kumbe bwana ile komandi ya kuhesabu mistari, wc -l, kwenye Linux nikiipa faili kwa mshale (<) inatoa 412 kavu, ila Mac ukoo wake ni BSD, tawi jingine la Unix, yenyewe inaisukuma namba kulia na kuijazia spesi (nafasi tupu) tano mbele, na mimi nimelinganisha kwa alama ya = inayokagua herufi kwa herufi, halafu kwenye kuprinti sikuweka nukuu kwa hiyo sheli (programu inayosoma komandi) ikazila spesi zote nisione kitu. Nikatoa = nikaweka -eq inayolinganisha kama namba. Sekunde mbili, ZINALINGANA.

Mama akauliza, "Kwani shida ilikuwa nini?"

Nami kwa uchovu nikajibu, "Wc tu mama."

"Jamani mwanangu! Choo si hicho hapo nyuma ya ghala, umejibana toka asubuhi na watu wangu wanabeba magunia?"

Babu wa ming'oko ndo akanisindikiza.