Mimi Nikiandika Pembeni mwa Fomu ya Kodi, Patakalika?

Kila ikikaribia Aprili 15 hapa Marekani, Mama Neema huwafukuza watoto mezani, akaniwekea fomu ya kodi, kalamu nyeusi na miwani, halafu akaketi mbele yangu kama msimamizi wa mtihani. "Baba Neema, usifute. Usichore. Andika ndani ya kiboksi." Naandika ndani ya kiboksi. Jina kiboksini, namba kiboksini, dola nilizolipwa ghalani kiboksini. Na hizo dola serikali inazijua tayari, maana mwajiri ameshawapelekea nakala. Wananiuliza tu ili waone kama nitasema kweli!

Sasa twende kwa wanaozitunga hizo sheria. Desemba 2017, Seneti ikiwa mikononi mwa Warepublikan, ilipitisha sheria kubwa ya kodi usiku wa manane. Kurasa karibu 500. Wademokrat wakalia kwamba wameletewa saa chache tu kabla ya kura, na kwamba pembeni mwa kurasa kuna maneno yameandikwa kwa mkono, hayasomeki. Seneta Jon Tester wa Montana alijirekodi video akiuonyesha ukurasa wenyewe: mistari imekatwa, mwandiko kama wa daktari mwenye haraka. Na ndiyo sheria hiyo iliyoshusha kodi ya faida za kampuni kutoka asilimia 35 hadi 21. Mimi nikiandika pembeni mwa fomu yangu "naomba mnipunguzie, nimeng'oa jino", patakalika kweli?

Ghalani tuna mabwana wawili ambao hawajawahi kukubaliana hata kama nje kuna mvua. Mmoja namwita Kofia, kwa sababu ya kofia yake nyekundu ya mashabiki wa Trump. Mwingine namwita Stika, kwa sababu gari lake limebandikwa stika za chama cha Wademokrat mpaka sijui rangi yake halisi. Mimi naendesha folklifti. Wao ndio wanaoendesha nchi, kila siku, saa ya chakula.

Kofia anasema kampuni ikipunguziwa kodi itaajiri watu na kupandisha mishahara. Wachumi wa Ikulu wa wakati ule walitabiri kwamba kipato cha familia kingepanda kwa dola 4,000 kwa mwaka, tena walisema hayo ni makadirio ya chini. Mimi nimetafuta mifukoni. Nimetafuta hadi kwenye koti la baridi ambalo silivai tangu Neema hajazaliwa.

Stika naye anasema kodi ipande. Asilimia 28, kama alivyopendekeza Biden. Haya, 2021 na 2022 Wademokrat walikuwa na Ikulu, wana Baraza la Wawakilishi, na Seneti wanaishika kwa kura ya Makamu wa Rais. Ikapanda kwa kiasi gani? Haikupanda hata robo. Seneta wao wenyewe, Kyrsten Sinema wa Arizona, alikataa, na kura zikiwa 50 kwa 50, mtu mmoja akikataa mmekataa wote. Wakaishia kuweka kiwango cha chini cha asilimia 15 kwa kampuni zenye faida inayozidi dola bilioni moja kwa mwaka. Nikamuuliza Stika, "Kaka, yaani mpaka itungwe sheria ndipo mwenye bilioni afike asilimia 15?" Akakumbuka ghafla kwamba ana kiu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 2025 wafanyakazi tukaambiwa ovataimu haina kodi tena. Nilirukaruka! Kumbe kinachoondolewa ni ile nyongeza tu inayozidi malipo ya kawaida ya saa, ina ukomo wake, na mwisho ni 2028. Ile asilimia 21 ya kampuni haina mwisho ulioandikwa popote. Ya kwangu imepigwa tarehe ya kuharibika kama paketi ya maziwa.

Na anwani je? Nilipofika nchi hii nilikwenda kufungua akaunti ya benki, nikaombwa uthibitisho wa makazi. Mkataba wa nyumba ulikuwa na jina la binamu yangu, bili ya umeme jina la binamu, kwa hiyo karani akaamua kwamba mimi siishi popote. Nikamwambia, "Dada, asubuhi hii nimeamkia huko huko." Akasema mfumo haukubali. Basi nenda Wilmington, jimbo la Delaware, mtaa wa North Orange namba 1209. Kajengo kafupi, hakatishi. Kampuni zaidi ya 285,000 zimewahi kutumia hiyo kama anwani yao. Mfumo umekubali! Na kwenye uchaguzi wa 2016 iliripotiwa kwamba Trump na Hillary Clinton, wote wawili, walikuwa na kampuni zilizosajiliwa hapo. Watu wametukanana mwaka mzima kwenye televisheni, kumbe majirani.

Tukija kwenye tabianchi, hapo ndipo sandwichi yangu hupoa. Februari 2015 Seneta James Inhofe wa Oklahoma aliingia na bonge la theluji katika ukumbi wa Seneti, akalirusha, kuonyesha kwamba joto duniani halipandi maana nje kuna baridi. Mtu mzima. Mwenyekiti wa kamati ya mazingira! Kwa hesabu hiyo, mimi nikishiba, njaa imekwisha duniani.

Wademokrat nao, ilipofika Agosti 2022, walitenga fedha nyingi za tabianchi kuliko zilizowahi kutengwa na nchi hii. Jambo zuri. Wakaiitaje sheria yenyewe? Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei. Mimi nilidhani mayai yatashuka. Nilikwenda dukani na Mama Neema tukiwa tumejiandaa kabisa kushangilia.

Hiyo sheria haikupata kura hata moja ya Mrepublikan. Hata moja. Lakini fedha zilipoanza kumwagika, viwanda vingi vya betri na paneli za jua vikaota majimbo ya Warepublikan. Agosti 2024 wabunge wao 18 wakamwandikia Spika wao barua: jamani, punguzo za kodi zilizomo kwenye sheria ile msizifute zote. Mwaka uliofuata ikaletwa sheria ya kuzikata nyingi, na walio wengi kati ya wale wale wakaipigia kura ya ndiyo. Aliyekuwa kinara wa ile barua hakupiga kura mwezi Mei, na nikadhani angalau huyu ana msimamo. Spika akaeleza kuwa alikuwa amesinzia. Usingizi tu! Julai, akiwa macho, akapiga ndiyo. Punguzo la dola 7,500 kwa gari jipya la umeme likafa mwisho wa Septemba, Stika akiwa bado anachagua rangi.

Mkataba wa Paris, ule wa nchi za dunia kuhusu tabianchi, sitaki hata kuuzungumzia. Obama kaingia, Trump katoka, Biden karudi, Trump katoka tena. Nchi nyingine lazima zimeshachoka kutoa na kurudisha kiti.

Lakini wimbo ambao vyama vyote wanaujua kwa moyo ni uwajibikaji. Kofia huugundua Mdemokrat akiwa Ikulu. Stika huugundua Mrepublikan akiwa Ikulu. Januari 2025 Trump aliwafukuza wakaguzi wakuu wa wizara na idara za serikali wapatao 17 kwa mkupuo, wakati sheria inataka Bunge lipewe taarifa siku 30 kabla. Stika alipiga meza mpaka ketchapu ikaruka. Kofia hakuona cha ajabu. Nikamwambia, bwana, Wizara ya Ulinzi ilianza kukaguliwa hesabu zake zote 2018, na hadi 2025 haijafaulu hata mara moja, chini ya marais wa vyama vyote viwili. Hapo wote wawili wakawa wapole. Sisi ghalani likikosekana boksi moja la soksi, hatoki mtu.

Oktoba 2025 ndiyo wakafunga serikali yenyewe, kwa kushindwa kukubaliana bajeti. Siku 43. Waongoza ndege kazini bila mshahara, wabunge mshahara wao unaingia kama kawaida. Kofia akasema wamefunga Wademokrat. Stika akasema wamefunga Warepublikan. Nikaona nitafute njia ya kuwapatanisha angalau nimalize chakula. Nikawauliza: tuseme amekuja mkaguzi hodari, hana upendeleo, hana chama, anataka kufungua vitabu vya upande wako wewe, utamfungulia mlango?

Wakajibu kwa pamoja, kwa sauti moja, kwa mara ya kwanza tangu niwajue:

"Inategemea katumwa na nani."