Albamu inakuja, inakuja, haifiki
Hivi nyie wenzangu mnaosubiri albamu, hamjachoka? Msanii wangu kaposti kava mwaka juzi, "karibuni sana", nikakesha macho kodo mpaka saa sita usiku, narifreshi simu hadi dole gumba linauma, kumbe tarehe imesogezwa! Eti miksi haijakaa sawa. Najua Dr. Dre, yule rapa wa Marekani, aliwasubirisha watu albamu toka 1999 mpaka 2015, lakini huyu wangu ni Dr. Dre??

Haya, ikashuka. Nyimbo 14: sita zilishatoka kama singo, tano rimiksi, tatu maongezi ya simu na mama yake (mama namheshimu, ila sikumsubiri yeye). Sasa kipya ni kipi?

Na leo kaposti tena, toleo la dilaksi (albamu ileile na nyongeza) laja Ijumaa. Alamu nimeshatega.