Vidonge vya sonona: kuzidi na kukosa ndani ya nyumba moja

Iceland, kisiwa chenye watu wasiofika laki tano, kwa miaka mingi imekuwa kileleni mwa orodha ya nchi zinazotumia zaidi dawa za sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Takwimu za OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri, zinaonyesha kuwa mwaka 2020 kila wakazi 1,000 wa kisiwa hicho walitumia dozi zipatazo 150 kwa siku. Korea Kusini, tajiri vilevile, haikufika hata robo ya hapo.

Ukizitazama tarakimu hizo juu juu utadhani Iceland imejaa wenye huzuni na Korea imejaa walioridhika. Mambo ni kinyume. Iceland haikosekani miongoni mwa nchi za juu kila furaha ya mataifa inapopimwa, ilhali Korea Kusini ndiyo inayoongoza OECD kwa kiwango cha watu wanaojiua. Huko Korea, kwa muda mrefu kanuni za bima ziliwazuia madaktari wasio mabingwa wa akili kuandika kundi kuu la dawa hizi kwa zaidi ya siku 60. Kwa hiyo idadi ya vidonge vinavyomezwa si kipimo cha huzuni. Inatuonyesha zaidi daktari yuko wapi, bima inalipia nini, na aibu imewafunga watu kiasi gani.

Wanaolalamika kwamba nchi tajiri zimezidisha wana ushahidi. Ukaguzi wa serikali ya Uingereza uliotolewa 2019 ulikuta kuwa ndani ya mwaka mmoja watu milioni 7.3 wa England, yaani asilimia 17 ya watu wazima, waliandikiwa dawa hizi. Mwaka 2012 kampuni ya GlaxoSmithKline ilikubali kulipa dola bilioni 3 nchini Marekani kwa makosa kadhaa, likiwemo la kuipigia debe paroksetini, mojawapo ya dawa hizi, kwa watoto ambao haikuidhinishwa kwao. Na ile hadithi ya kwamba sonona ni upungufu wa serotonini, kemikali ya ubongo, iliyouza vidonge vingi, ilikosa ushahidi wa kuridhisha watafiti walipoipitia upya mwaka 2022.

Hapo ndipo wengi wanaporuka kutoka jambo moja hadi jingine. Kutojua dawa inafanyaje kazi si sawa na kusema haifanyi kazi. Uchambuzi mkubwa wa 2018 ulikusanya majaribio 522 ya dawa 21, na zote zilishinda kidonge bandia, yaani kile kisicho na dawa ndani. Ushindi wenyewe, kwa wastani, ulikuwa wa kiasi tu. Jaribio jingine la Uingereza, la 2021, liliwachukua watu waliotumia dawa muda mrefu na wakajisikia vizuri. Kati ya walioachishwa, asilimia 56 walirudiwa na ugonjwa ndani ya mwaka. Kati ya walioendelea, asilimia 39. Kila upande hulitaja jaribio hilo kwa furaha. Mimi naona linawabana wote: dawa inakinga, lakini asilimia 44 ya walioiacha walikaa mwaka mzima salama.

Upande wa nchi maskini hesabu ni nyingine kabisa. Utafiti wa nchi 21 uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa katika nchi tajiri mgonjwa mmoja kati ya watano wa sonona alipata tiba ya kiwango cha chini kinachofaa. Katika nchi za kipato cha chini na zile zinazozifuata, alikuwa mmoja kati ya 27. Ukosefu huo hauelezwi na bei peke yake. Amitriptilini, dawa ya sonona ya siku nyingi, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1977, na fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, tangu 2007, hataza yake (haki ya kampuni moja kuiuza peke yake) ikiwa imeshakwisha. Anayekosekana hasa ni mtu wa kuiandika na kumfuatilia mgonjwa: nchi za kipato cha chini zina wahudumu wa afya ya akili wasiofika wawili kwa kila watu laki moja, na nchi tajiri zina zaidi ya 60.

Wapo wanaosema maskini anahitaji kazi na amani, si kidonge. Sentensi hiyo ina huruma ndani yake, ila imebeba dharau pia, kana kwamba ubongo wa maskini hauumwi. Kweli, tiba ya mazungumzo imefaulu mikononi mwa watu wasio madaktari: vikundi vya vijijini Uganda, matokeo yakatolewa 2003, na kina bibi wa Zimbabwe wanaoketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Lakini huko Goa, India, jaribio la 2003 lilikuta kuwa baada ya miezi miwili fluoksetini iliwasaidia wagonjwa kuliko kidonge bandia, na ushauri nasaha haukufua dafu. Kumnyima dawa mtu aliyeacha kula na anayewaza kufa, eti kwa sababu mwingine mbali huko anaimeza bila haja, ni ukatili.

Tena rudi kwenye ile hesabu ya mmoja kati ya watano. Maana yake ni kwamba hata kwenye utajiri, wagonjwa wanne kati ya watano hawakutibiwa ipasavyo, huku wengine wakimeza kwa miaka bila yeyote kuwauliza kama bado wanahitaji.

Kwa hiyo sioni ubaya wa kusambaza dawa hizi kwenye nchi maskini. Hofu yangu ni namna ya kuziacha. Zikikatwa ghafla, baadhi ya watu hupata kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi, na ndiyo maana hupunguzwa polepole. Kwenye nchi tajiri mgonjwa hukwama kwa kuwa hakuna anayemsimamisha. Kwenye nchi maskini husimamishwa siku stoo ya zahanati inapoishiwa. Mpango wowote unaojisifu kwa idadi ya walioanzishiwa dawa ungepaswa kuulizwa wangapi waliikuta dawa bado ipo mwezi wa nne tangu waanze, na nani alipewa mafunzo ya kuwapunguzia dozi.