Mama Mkwe Hali Pilipili

Jamani, mtu wa Tanga ukitaka kuoa Moshi hakuna anayekukataza. Ila hakuna pia anayekuonya kwamba utapika masufuria mawili mpaka uzeeke.

Wakwe wakija, begi halijateremka kwenye basi shemeji keshanivuta pembeni. "Shem, si unajua mama hali pilipili?" Najua! Kwao nimekula. Mtori wao mtamu, sibishi: ndizi na nyama, laini, unakunywa huku unasinzia. Machalari nayo hivyo hivyo. Lakini nikikaa huko wiki, ulimi unaanza kuniuliza kama tumehama.

Basi juzi nikaingia jikoni kupaka samaki. Changu mzima nimemchanja, nimemchoma kwa mkaa, tui zito, ukwaju, kitunguu saumu. Pilipili mbuzi nazitazama tu pale kwenye kisahani, zimenuna kama mashangazi walionyimwa kadi ya harusi. Na kuna masharti: mwiko wa mama mbali, ubao wake mbali, kisu chake mbali. La kisu nalikubali. Ukali mwingi umejificha kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, ukishaukata umepaka kila kitu, na kusuuza kwa maji matupu hakusaidii, lazima sabuni.

Tumekaa mezani, shemeji akauma karafuu kwenye pilau. Akashika koo. "Shem, umetia!"

Nimetia nini? Karafuu hiyo! Pemba wanailima miaka yote na wako hai. Yeye anakohoa, anadai maji. Hata ingekuwa pilipili kweli, maji ya nini? Ukali wake hauyeyuki kwenye maji, unayeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana watu hunywa maziwa. Kusikia hivyo akanywa maziwa yangu ya chai yote. Kwa ajili ya karafuu.

Mdogo wake, msomi wa familia, akaona hapo ndipo pa kutoa somo. Eti pilipili wala si yetu, asili yake Amerika, Wareno ndio walioileta. Sawa, mwalimu. Na mahindi ya huo ugali unaoulilia kila siku? Si yalitoka hukohuko? Mbona hayo huyafukuzi? Akanyamaza, akaongeza pilau.

Mama mkwe, mstaarabu, akala taratibu mpaka akamaliza. Akanawa, akanishukuru. "Chakula kizuri, mwanangu. Ila kimepooza."

Kimepooza! Mimi niliyetoa roho ya samaki nikaizika nyuma ya jiko kwa ajili yake! Nikamtazama mke wangu, mke wangu akatazama dari.

Sasa baba mkwe. Mzee huyu tangu Mombo hajasema neno. Wakati sisi tunabishana, yeye alishavuta bakuli la achari ya maembe, ile yangu, ambayo kwa mgeni nasema mapema kabisa si ya kuchezea. Sijui alidhani ni jamu. Nilipogeuka, nusu imekwenda, jasho linamtiririka hadi kwenye kola, macho mekundu, na mkono bado unachovya.

"Baba, uko salama?"

"Tanga," akasema, "mna joto sana."

"Sana, baba," nikamjibu. Nikamsogezea feni. Na bakuli.